Neno Lililoanza na Sepa

Katika mvua yote ya Kiingereza aliyomwagiwa na mkewe jioni ile, fundi bomba alikinga tone moja tu: "separately."

Hakujua maana yake, lakini mwanzo wake ulinuka. Sepa, yaani ondoka. Mtu haambiwi sepa bure.

Sheria ilikuwa ya mke. Ukuta kati yao na mama mwenye nyumba ulikuwa mwembamba kama ganda la yai, na mama huyo alikuwa na sikio ukutani na mdomo mtaa mzima. "Kuanzia leo tunagombana kwa Kiingereza," mke alitangaza. "Asiambulie kitu."

Fundi, simba wa maneno kwa Kiswahili, akageuka paka aliyenyeshewa. Mtaji wake ulikuwa "no" na "why" basi. Mkewe, mpiga pasi kwa dobi, ambako nguo huja na vibandiko vya Kiingereza shingoni, alikuwa na mto mzima. Akifungua kinywa hana nukta wala mkato. Kila asubuhi fundi ndiye aliyeomba radhi, na kosa lenyewe halijui.

Safari hii alilijua: alilaza mabomba yenye tope kitandani. Lakini jamani, mabomba tu, mtu aachwe?

Akamwendea bibi mmoja, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, mteja wake wa zamani.

"Shikamoo, Mwalimu. 'Separately' ndiyo nini?"

"Marahaba. Ni kila kitu kivyake. Kutengana. Nani kakwambia?"

"Mke wangu."

Mwalimu akavua miwani. "Pole, mwanangu."

Pole ile ilimmaliza. "Nifundishe kugombana, Mwalimu. Siwezi kuachwa kwa lugha nisiyoijua!"

Bibi yule akampangia maneno kwa joto lake. "'Disagree,' mmetofautiana, chai bado inanyweka. 'Argue,' chai inapoa. 'Quarrel,' chai imemwagika. 'Fight,' vikombe vinaruka. Na uangalie: ukisema 'fight with my wife,' Mwingereza hajui kama unapigana naye au mmeungana kuwapiga majirani."

"Hiyo ya majirani naitaka."

"Tulia. Sasa tuanze na maji, sabuni, sufuria, nguo."

"Mwalimu! Nimekuja kutafuta silaha, unanipa vyombo?"

"Uliona wapi mke na mume wakigombania mipaka ya nchi? Ugomvi wa ndani ni wa sabuni na sufuria. Kaa chini."

Akakaa. Miezi ikapita. Alizibua masinki ya watu huku akinong'ona vitenzi, hata mteja mmoja akadhani sinki lake linafanyiwa uganga. Nyumbani alikuwa mpole kupindukia. Alikula akimtazama mkewe kama mtu anayetazama basi la mwisho likiwasha injini. Mke akawa anamgusa paji la uso, kupima homa.

Alipoona ameiva, fundi alilaza mabomba kitandani, makusudi kabisa.

Mke akaingia. Akayaona. Mikono ikapanda kiunoni. Upande wa pili wa ukuta, kiti cha mama mwenye nyumba kikasikika kikiburutwa karibu.

"Tena?" mke alisema, kwa Kiswahili, maana hilo halikuwa ugomvi bado.

Fundi hakumngoja. Alisimama wima, akamwambia kwa Kiingereza kilichonyooka kama bomba jipya kwamba hataki watengane, hataki hata kidogo. Anataka wagombane, chai imwagike ikitaka kumwagika, mpaka wazeeke wote wawili na meno yawaishe.

Mke akamkodolea macho. Tangu sheria ipite, hakuwahi kujibiwa zaidi ya "no" na "why." Akarudi nyuma, akatupia jicho ukuta. Kisha akavuta pumzi, akamnyooshea kidole, akauachia ule mto wake wote, kwa ghadhabu na kwa madaha.

Fundi alisikiliza huku machozi yakimlenga, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao akaelewa kila neno:

"Fua kwa maji baridi! Usikamue! Nguo za rangi zifuliwe peke yake, 'separately'! Geuza ndani nje, ndipo upige pasi!"