Sabuni ya Mwaka wa Nne

Kila mwaka mtafiti alikuja na fomu, penseli na mche wa sabuni wa shukrani. Mwaka huu wa nne, Mbaruku hakumpa kiti.

“Mwanangu hasemi nami, mwaka wa pili huu. Kwenye makaratasi yenu anayoyajaza kila mwaka anasema nini?”

“Ni siri, mzee wangu. Hata jina lake halimo. Ni namba tu.”

“Na nani anayasoma?”

“Wakubwa. Watayasoma ya mitaa yote kwa pamoja, utafiti ukiisha. Imebaki miaka sita.”

“Miaka sita.” Mbaruku aliguna. “Wakubwa hao hawakuzaa?”

Pazia la chumbani likasogea. Binti yake Tunu, wa miaka kumi na sita, alisimama mlangoni, khanga ya marehemu mama yake mabegani.

“Hayajasomwa?” alimuuliza mtafiti.

“Bado, mdogo wangu.”

Tunu akamgeukia baba yake. “Kila mwaka niliandika kwamba tangu mama afe sitaki kuishi. Nilidhani wanakwambia. Nikaona umenyamaza, nami nikanyamaza.”

Mbaruku alichukua fomu pale mezani. Aliitazama kitambo, kisha akampa binti yake.

“Mimi kusoma kunanishinda, mama. Nisomee. Anza na swali la kwanza, kisha unijibu mimi.”

“Mzee, mzazi haruhusiwi kusikia,” mtafiti alisema, akanyoosha mkono kudai fomu yake.

Hakuna aliyegeuka. Tunu alikaa chini, karibu na goti la baba yake, akaanza kusoma. Mkono wa mtafiti ukabaki hewani, juu ya sabuni.