Sumaku ya Mezani

Kwa mujibu wa Sheria ya Kula Pamoja, kila familia ilikula chakula cha mchana ikiwa imenaswa. Bangili ya chuma ilivaliwa mkono wa kushoto na kuwekwa mezani. Wa kulia uliachwa huru kwa heshima ya ugali. Kitinda mimba wa kila familia alibonyeza swichi, umeme ukapita kwenye waya uliozungushwa kwenye chuma chini ya meza, na swichi ikajifunga kwa saa nzima.

Siku hiyo Zamda, kitinda mimba aliyerudi likizo kutoka bweni na fizikia yake nusu, alijifanya tu kubonyeza.

"Bila mkondo, hiyo ni chuma tu," alimnong'oneza kaka yake. "Tuone kama Baba atakaa kwa hiari yake."

"Atatoka mbio kama mwizi," alisema Hamadi.

Baba alijisahau, akanyoosha mkono wa kushoto kufuata chumvi. Mkono ukabanduka. Aliutazama, akaurudisha mezani taratibu, akaendelea kula. Zamda nusura ashangilie.

Ndipo Mama, aliyeisifu sheria hiyo mtaa mzima, alipoinua mkono wake pia. Alinawa, akajifunga kanga vizuri, akavaa ndala.

"Mama Hamadi, wapi tena?" aliuliza Baba.

Mama alifungua mlango.

"Washa, mwanangu! Washa!" Baba alimpigia Zamda kelele.

Zamda akabonyeza kwa hofu. Sumaku ikatii papo hapo, ikawanasa wote watatu, huku ndala za Mama zikisikika zikishuka ngazi bila haraka.