Mkwe wa Lusaka

Yotamu aliketi akiupa mgongo mlango wa jikoni, nyumbani kwa mwanawe Lusaka. Alisikia nyayo, sahani ikatua sakafuni, nyayo zikarudi. Hakugeuka. Mnyakyusa wa Ilomba, Mbeya, hamtazami mke wa mwanawe, wala mke hasemi naye. Wakikutana ghafla, mke hujigubika nguo usoni akapita pembeni.

"Mwambie mwenzio nimeshiba," alimwambia Saulo, mwanawe. "Damari hata ugenini hajatupa adabu ya kwetu!"

"Anakusikia, baba," Saulo alijibu upesi.

Kila mwaka baada ya mavuno Yotamu alipanda basi Mbeya, akavuka Tunduma mpaka Lusaka. Aliupenda mji ule, jamani! Jua lake linakausha baridi mpaka kwenye uboho. Mchana kutwa aliliota barazani kama mjusi, akinywa chai ya maziwa na mkate wa duka. Jioni Saulo alimtembeza mjini, akashangaa vioo vya maduka. Lakini haukupita muda moyo ukaanza kudai kwao: ukungu wa mlima Loleza, ndizi za kuchemsha, hata matope.

"Jua ni la kutembelea," alisema. "Kwetu ndiko kwa kufia."

Akirudi, wa kwanza kupiga hodi alikuwa Sekela, mama yake Damari.

"Baba Saulo, mwanangu hajambo?"

"Hajambo! Anapika mpaka mtu unasahau njia ya kurudi."

"Kanenepa? Kakonda?"

"We mama nawe! Mimi nimwonee wapi mkwe wangu?"

"Na mbona haji hata kunisalimu?"

"Nani aache jua lile aje kutetemeka hapa? Mji umemnogea, Mama Damari. Mwache ale ujana."

Sekela alimeza mate machungu. Alishawaona mabinti walionogewa na miji ya watu wakasahau ziwa walilonyonya. Kila Jumapili alimwomba Mungu amrudishie mwanawe moyo wa nyumbani, na kila mwaka alirudi kwake na salamu tupu za Yotamu.

Mwaka ule akasema basi, akafunga safari naye. Njia nzima alipakata kichane cha ndizi, akinung'unika.

"Nitamsema huyo mpaka alie. Kisha nitamkumbatia."

"Anza na kumkumbatia," Yotamu alicheka.

Walipofika, Saulo alikuwa kazini. Yotamu akanyoosha miguu barazani, akalifumbia macho jua, akangoja vigelegele. Sekela hakungoja karibu. Mama na binti hawana kufichana. Akaingia jikoni mbio.

"Damari! Hebu fungua uso, ni mimi mama yako! Umenisahau?"

Mwanamke aliyejigubika nguo akarudi nyuma. Kisha ikajibu sauti ngeni, Kiswahili chenyewe cha kubabaisha:

"Samahani, mama. Mimi naolewa hapa, Damari alikuwa ameshazikwa. Mume wangu aliniambia tu, mzee akija, nijifunike."