Mguu Sawa

"Mguu sawa!" niliamuru, na darasa zima likasimama wima. Verediana peke yake aliinama, akapima nyayo zake kwa bua la mpunga.

"Si sawa, Mwalimu. Wa kushoto ni mrefu."

Wenzake wakaangua kicheko. Nilipuliza filimbi kuwanyamazisha. Yeye akaziba masikio, akachuchumaa vumbini, akajitikisa mbele na nyuma kama kila siku ya mazoezi. Hakuna aliyemsogelea.

Nikatia filimbi mfukoni. Nikakaa chini kando yake, nikavua buti ambazo tangu nirudi kutoka vitani Burma sikuwahi kuzivua mbele ya mtu.

Akaacha kujitikisa. Aliupima mguu wangu wa kulia, kisha wa kushoto, usio na vidole.

"Kumbe na wewe, Mwalimu."