Kiti cha Kushoto

Machano alikuwa akilitafuta gari la namna hii tangu ujana: jekundu, la milango miwili, paa lake la turubai limekunjwa nyuma. Alipoliwasha ili alijaribu, kengele ya mkanda ikalia, ilhali yeye alikwisha jifunga.

“Mfunge na huyo wa kushoto, kaka yangu,” alisema mjane aliyekuwa akiliuza, amesimama getini. “Atanyamaza.”

Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu. Machano akacheka, akidhani ni hitilafu ya nyaya, akaufunga mkanda. Kengele ikanyamaza.

Hakufika hata njia panda, mvua ikamkuta paa likiwa wazi. Maji yakamchuruzika usoni, usukani ukamteleza mikononi. Akageuka kushoto. Kile kiti hakikuwa na tone hata moja, na mkanda ulikuwa umetuna mbele yake, ukipanda na kushuka taratibu.