Kitufe cha "Baadaye"

Alama ya kijani ilitokea kwenye simu ya Noriaki akiwa bado ananawa uso. Akashusha pumzi. Mama yu hai.

Mama yake, Bi Fumie, aliishi peke yake kijijini, kwenye milima ya Niigata, kule ambako theluji hufika mpaka juu ya madirisha. Moyo ulikuwa umeshamwangusha mara mbili. Noriaki alikuwa Tokyo na mkewe na mtoto, na kutoka Tokyo ni treni, halafu basi, halafu miguu.

Alimpelekea birika la chai la kisasa, lile linalompa mtoto habari kila mzazi anapojimiminia maji. Bi Fumie akalirudisha kwa posta. Alisema yeye si mgonjwa wa kuchungwa na birika.

Basi Noriaki akatumia hila. Mama alikuwa na kompyuta yenye mfumo wa Linux ambayo mwanawe mwenyewe alimtengenezea, akaipanga ijiwashe kila asubuhi ili bibi aone picha za mjukuu wake, Kotone. Kila ilipowaka, kidirisha kilijitokeza katikati ya kioo: toleo jipya la mfumo limetoka, liwekwe sasa au baadaye? Kukizima ni kazi ndogo tu. Unaingia kwenye mipangilio, unachagua usiarifiwe kamwe, basi. Noriaki hakukizima. Aliifunga mipangilio kwa nenosiri, kisha akapanga kwamba kila kitufe cha "Baadaye" kikibonyezwa, yeye apate alama ya kijani kwenye simu yake. Hakumwambia mtu ila mkewe.

Mama alilalamika tangu majani yalipoanza kuwa mekundu. Kidirisha kinamfunika Kotone usoni. Akikiondoa leo, kesho kipo.

"Nori, si ndiyo kazi uliyosomea hii? Kizime."

"Hakizimiki, Mama. Wewe bonyeza Baadaye, kitaondoka."

"Hata wale wauza magazeti wa mlangoni ukiwakataa mara tatu wanakwenda zao. Hiki hakina haya."

Mwanzoni alama ilikuja ovyo. Siku nyingine asubuhi, siku nyingine jua linazama, na Noriaki yuko kwenye kikao anachungulia simu chini ya meza, jasho linamtoka. Kisha, kabla ya Mwaka Mpya, mambo yakanyooka. Alama ikawa inakuja mapema, mara tu kompyuta ikiwaka. Malalamiko nayo yakakoma. Noriaki akamwambia mkewe, Chinami, kwamba hatimaye lipo jambo moja ambalo mama anamsikiliza.

Mwaka Mpya walipigiana simu, wakagombana. Noriaki alimtaka auze nyumba, ahamie kwao. Mama akauliza anakwenda kufanya nini huko, kukaa kwenye roshani ya ghorofa ya tisa kama chungu cha maua? Akasema kijijini watu wapo. Juzi tu mzee Kuwabara wa nyumba ya pili alikuja kula mochi, ile mikate ya mchele wa kutwanga, na ana akili kuliko wao wote wa Tokyo. Akakata simu.

Hakupiga tena. Noriaki naye hakupiga. Mmoja alingoja mwingine aanze.

Chinami ndiye aliyejaribu. Simu iliita, haikupokewa. Akajaribu siku iliyofuata, ikawa vile vile. Noriaki akasema mama amenuna, anamfahamu, akinuna hata mlango hafungui.

"Baba Kotone, nenda kamwone."

"Amebonyeza leo asubuhi. Tazama. Mtu aliyeanguka habonyezi kitufe."

"Mama si taa ya barabarani, kwamba ikiwa kijani mambo ni salama."

Noriaki akacheka, akarudisha simu mfukoni.

Theluji ikaanguka Niigata bila kupumzika. Basi la kijijini likasimama. Kwenye televisheni walionyesha mapaa yaliyobonyea. Kila asubuhi Noriaki aliamka na hofu, na kila asubuhi alama ya kijani ikaja kumtuliza. Akanywa kahawa yake, akaenda kazini.

Siku ya kurusha maharage ya kufukuza mashetani, mwanzoni mwa Februari, Noriaki alivaa kinyago chekundu chenye pembe, Kotone akawa anamfukuza sebuleni na kumrushia maharage huku akicheka. Simu ikaita. Alikuwa mzee Kuwabara, aliyekuwa na duka la vifaa vya umeme pale kijijini kabla hajastaafu. Hakuanza kwa habari za baridi kama ilivyo desturi yake.

Alisema ubao wa matangazo, ule unaopita nyumba kwa nyumba, alimtundikia Bi Fumie mlangoni, na mpaka leo hajaupitisha nyumba inayofuata. Hata mwaka ule aliotoka hospitali, mama huyo hakuuchelewesha. Theluji ya kwenye paa haijashushwa. Mlangoni hakuna nyayo, si za kuingia wala za kutoka. Yeye Kuwabara ameita mpaka sauti imemkauka. Anaomba ruhusa avunje mlango.

Noriaki akavua kinyago. Mawazoni akamwona mama mbele ya kijiji kizima, mlango wake umevunjwa kwa amri ya mwanawe, baada ya ugomvi ule. Hatamsemesha tena mpaka anaingia kaburini.

"Usivunje, mzee. Mama yuko salama. Leo asubuhi amenijibu."

Kuwabara akauliza, amejibu kwa simu?

Noriaki akamweleza siri yote, kwa aibu kidogo: kidirisha, kitufe, na ile alama isiyokosa hata siku moja.

Kotone alikuwa akiokota maharage chini ya meza.

"Nori," mzee akasema, "mama yako aliniomba sana nimwondolee kidirisha kile, wakati ule wa kutwanga mochi, kabla ya Mwaka Mpya. Kulikuwa na nenosiri, nikashindwa kukizima. Basi nikaifundisha kompyuta ijibonyezee Baadaye yenyewe."