Ile Noti ya Marehemu

Mdomo wa Shavu ulipasuka palepale ulipopasuka jana, na tarumbeta ikatoa mlio wa mbuzi aliyekanyagwa mguu.

"Simama!" Kiongozi alipiga meza. Saksafoni zikanyamaza moja baada ya nyingine, tromboni zikachelewa kama kawaida yao, na ngoma ikamalizia peke yake kwa aibu. "Shavu, wewe na hiyo noti mna ugomvi gani? Ilikuja kukuposa ukaikataa?"

Wenzake wakacheka. Shavu alijifuta damu kwa kiganja. Jina hilo alipewa kwa jinsi mashavu yake yanavyovimba akipuliza, na leo yalikuwa yanauma hadi masikioni.

Bendi nzima ilikuwa imejibana kwenye gereji nyuma ya nyumba ya mama yake Kiongozi. Ilikuwa bendi ya jazi kongwe kuliko wengi waliomo ndani yake. Aliyeianzisha ni baba yake Kiongozi, ambaye siku hizi huitwa Marehemu tu, mwimbaji na mpiga tarumbeta. Kanda zake zote zilioza kwenye stoo ya redio. Ilibaki santuri moja, ya wimbo uliowapa jina, na sasa redio ilikuwa imewapa studio Jumamosi waurekodi upya. Sharti lilikuwa moja tu: usikike uleule.

Na katika solo ya wimbo ule ndimo ilimokaa ile noti. Waliomtangulia Shavu iliwashinda. Mmoja sasa anauza matairi na anasema hajawahi kuwa na raha kama hii. Shavu alikuwa amesubiri safu ya nyuma mpaka mvi zikamkuta hukohuko, akingoja solo hiyo iwe yake.

"Kaka, tuushushe wimbo kidogo," alisema. "Kidogo tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Marehemu alishushiwa na nani?"

Kiongozi akaiendea gramafoni iliyokuwa pembeni. Hakuna fundi aliyeruhusiwa kuigusa. Ilipokufa miaka ile, aliifufua mwenyewe kwa mota ya feni, na tangu hapo akiitwa injinia huitika. Akaweka santuri. Wimbo ukatoka mbio, watu wakatikisa magoti wakijaribu kuufuata. Marehemu akaimba chapchap kwa sauti nyembamba, kisha tarumbeta yake ikapanda, ikapanda tena, ikaenda kutulia juu kule kama paka juu ya bati.

"Umesikia?" Kiongozi aliuliza. "Mtu wa mapafu mawili huyo, kama wewe."

Mama yake akaingia na chupa ya chai. "Zima hayo makelele, watu wanywe chai."

"Makelele? Mama, mumeo huyo!"

"Mume wangu alikuwa akikohoa mtaa unaamka. Huyo ni mtoto kabanwa kidole na mlango."

"Santuri za zamani, Mama. Nazo zinakonda kama watu."

Hata Shavu alicheka, ingawa kucheka kulimpasua tena.

Baada ya chai walirudia wimbo, wakarudia tena, na kila mara Shavu akaanguka ngazi ya mwisho. Kiongozi akairudisha santuri kwa hasira, ili amwaibishe mara ya mwisho, lakini kabla solo haijafika gramafoni ikaanza kutoa moshi.

"Umeona sasa? Hata mashine imekuchoka!" Akachomoa waya na kuketi, jasho likimtiririka. Alipozungumza tena alikuwa ameshusha sauti, na hilo ndilo lililomuuma Shavu zaidi. "Pumzika, kaka. Jumamosi atapiga yule jamaa wa hotelini. Wewe rudi safu ya nyuma."

"Safu ya nyuma nimeshazeeka nayo," Shavu alisema. "Kesho nitaleta koti lenu."

Kesho yake mkewe alilipiga pasi lile koti la bendi, akamkabidhi likiwa limekunjwa vizuri. "Usibishane na mtu. Weka koti, ondoka."

"Nibishane nini? Nimeshindwa, basi."

Aliyasema hayo akiyaamini. Lakini alipokata kona ya uchochoro wa gereji, aliusikia wimbo, na miguu ikagoma.

Ulikuwa umeshushwa, tena si kidogo. Ulitembea taratibu kama watu walioshiba wakitoka harusini. Walikuwa wamefika kwenye solo, na tarumbeta ilipanda bila haraka, ikaifikia ile noti, ikaketi. Noti ambayo Shavu angeipiga amelala chali, mdomo umejaa mkate!

Kwa hiyo yeye wa miaka yote ameomba kidogo akanyimwa, na mgeni wa jana, ambaye hata koti hana, amefanyiwa wimbo kitanda. Kumbe noti haikuwa ya Marehemu wala nini. Walikuwa hawamtaki tu.

Akausukuma mlango kwa bega.

"Yeye ndiyo mmemshushia!" alipiga kelele. "Mimi nilikuwa mbwa?"

Tarumbeta iliendelea kulia, lakini ndani ya gereji hapakuwa na mtu mwenye tarumbeta. Palikuwa na fundi aliyepiga magoti mbele ya gramafoni, bisibisi mdomoni, mota ya feni sakafuni kando yake. Kiongozi alikuwa ameegemea ukuta, mikono kichwani, akiitazama santuri inavyozunguka polepole.

Solo ikaisha. Sauti nzito ya mwanamume ikaanza kuimba, madirisha yakatetemeka, na Mama akavuta kiti, akaketi karibu.

"Haya," alisema. "Huyo sasa ndiye mume wangu."